Mfereji wa Chwaka

Nakumbuka alasiri moja ya Chwaka, mwanangu, ambayo mpaka leo hunijia nikifumba macho tu: chumba cha darasa, vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto wao.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimesomesha pale muda mrefu, watoto asubuhi na wazazi wao jioni, kisha nikateuliwa kuwa mbunge. Nikahamia mjini, nikashona suti ya kijivu, nikawa navuka kwenda Dar es Salaam kuketi Bungeni. Nilijiona mtu mkubwa, usinicheke. Siku hiyo nilikuja na habari njema: serikali itawaletea mfereji, bomba la kuchotea maji, lakini mmoja tu, na nimetumwa niwaulize wautake wapi.

Unajua nilichofanya? Nilishika chaki. Nikachora kijiji ubaoni, nikatia duara kando ya skuli. "Mfereji utakaa hapa. Mmefahamu?"

"Tumefahamu, mwalimu," wakaitika wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta, na mimi nikasimama pale nimelewa raha. Nilivyoipenda sauti ile! Nikaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wamekubali.

Mfereji ukawekwa pale pale kando ya skuli. Siku chache baadaye nikakutana njiani na Bi Mize, rika la mama yangu, niliyemfundisha kusoma. Alikuwa akikaa mwisho kabisa wa kijiji, kwenye mawe, na mumewe alikuwa kitandani hajiwezi, kila mara wa kuoshwa. Nikamwamkia. Akaitika, akatua ndoo chini taratibu.

"Mwalimu, siku ile ulikuja kutuuliza au kutusomesha?"

"Nilikuulizeni, Bi Mize. Na nyote mkakubali."

"Tulikuitikia tu. Wewe ukisema mmefahamu, nani atasimama aseme hataki? Mzee wangu yuko ndani peke yake, na mimi kutwa nnakwenda na kurudi."

Hakunipandishia sauti. Bora angenipandishia.

Ilikuwa niende wizarani kesho yake, nikaombe mabomba ya kuyavuta maji mpaka kwao. Sikwenda. Niliona haya: mbunge mzima arudi kusema ameandika asilolijua? Nikajipa wiki, wiki zikawa miezi, huku nahudhuria vikao na kupigiwa makofi. Nilipokwenda hatimaye, bwana mmoja anayeshughulikia mabomba akanitazama kwa huruma.

"Mabomba yalibaki tele, mwalimu. Ungekuja mwezi uliopita. Sasa yameshapelekwa Fumba."

Nikaenda Chwaka nimwambie mwenyewe. Nikaukuta mlango umerudishwa. Mumewe alikuwa ameshazikwa, na Bi Mize yumo edani, haonani na wanaume. Basi nikasimama nje ya dirisha, suti yangu na viatu vyangu vya kung'aa, nikaliomba radhi pazia. Nililia, sikufichi.

Halafu sauti yake ikatoka ndani, ndogo, kama ya mtu anayesinzia. "Nshakusamehe. Lakini wanawake wenzangu wa huku bado wanatembea kufuata maji. Kawaulize."

Nikaenda. Nilikaa mkekani nao bila ubao wala chaki, nikiwauliza wanataka maji yafike wapi, na jua lilikuwa limeshainama kabla mmoja wao hajathubutu kuniambia, "Hapana, mwalimu, sivyo."

Nasikia nawe sasa umepewa kiti cha uongozi, mwanangu. Basi nakuusia. Ukienda kuwauliza watu, usiende na jibu lako mfukoni. Wakikuitikia haraka, wewe kaa, ngoja, mpaka apatikane wa kukukatalia. Na ukijua umekosea, kaseme siku hiyo hiyo, kwa sababu haya unaona wewe, na anayeteseka ni mwengine. Mimi niliona haya miezi miwili, na mtu akafa ndani ya miezi hiyo, mkewe yuko njiani na ndoo.

Nenda, Mwenyezi Mungu akuongoze, na akujaalie kukaa na watu wasiokuogopa.