Nilitaka Iwe Pini

Fundi yeyote wa nguo atakuambia kwamba mdomo ni mfuko wa ziada. Mikono yote miwili ikiwa imeshika kitambaa, pini utaziweka wapi? Unazibana kwa midomo, vichwa nje, na mteja akikuuliza kitu unamjibu kwa kuguna. Mama mwenye duka letu amenikemea kwa tabia hiyo tangu nianze kazi, na mara nyingi ananikemea akiwa na pini zake mwenyewe mdomoni.

Kwa hiyo siku mkate uliponikwama, hakuna aliyefikiria mkate.

Tulikuwa tunakula mchana palepale kwenye meza ya kukatia, vitambaa vimesukumwa pembeni. Nilimeza tonge la mkate, likashuka hadi katikati ya kifua, likasimama. Kupumua nilikuwa napumua vizuri, wala sikupaliwa. Lilisimama tu, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa. Nikanywa maji ili nilisukume. Maji nayo yakasimama juu ya mkate, kisha yakarudi yote kwa njia ya mdomo na pua, yakamwagikia suruali ya mteja. Nilishika ukingo wa meza, mate yananijaa mdomoni na hayana pa kwenda, nikajua kwamba naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe.

"Amemeza pini," akasema jamaa wa overloki, yule anayezungushia nguo kingo kwa mashine.

Huyo jamaa ni mtu mwema, lakini Mungu alimpa haraka nyingi kuliko akili. Alikimbilia ile sumaku tunayookotea pini sakafuni, akanishikia kifuani, akatulia akisikiliza. Duka zima likanyamaza. Mama mwenye duka alimwambia aishushe kidogo, pengine pini imeshuka. Mteja mwenye suruali akasema aipandishe. Nami nilisimama pale na sumaku kifuani, machozi yananitoka, nikiomba kimoyomoyo ile sumaku inate. Baadaye kidogo tonge likateleza lenyewe, nikalisikia likishuka polepole na maumivu yake, nikakaa chini. Wakanipepea. Jamaa wa overloki akajisifu kwamba sumaku imefanya kazi.

Sasa niseme kitu ambacho sikuwaambia. Ile haikuwa mara ya kwanza. Nyama ilishanikwama, kiazi kilishanikwama, na kwa miaka mingi kabla ya hapo nilikuwa na kiungulia ambacho nilikizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Kinawaka baada ya kula, kinawaka nikiinama kuchukua uzi, maji machungu yananipanda hadi kooni, nameza maziwa baridi, kinapoa, naendelea kushona. Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini. Nani anakwenda hospitali kwa kiungulia?

Na kingine sikuwaambia. Mama yangu mzazi alikufa kwa kushindwa kumeza. Alianza kutafuna muda mrefu, tukamcheka. Akaacha nyama, akasema haina ladha siku hizi. Akaacha wali. Ikawa uji, kisha uji uliochujwa, kisha maji kwa kijiko, na kijiko chenyewe nilikishika mimi, msichana wa shule, nikimfuta kidevu kila maji yaliporudi. Alipopelekwa hospitali kubwa waliona uvimbe umeziba njia, wakasema amechelewa. Tangu hapo neno "kumeza" nyumbani kwetu halitamkwi hovyo.

Basi nikaing'ang'ania pini. Ukiniuliza niliimeza lini, sijui. Lakini fundi hawezi kuapa kwamba hajawahi kumeza pini, na mimi nilijipa kila sababu ya kuamini kwamba iko moja mle ndani, imekaa mshazari, inanasa kila kinachopita. Pini inatolewa. Pini ni chuma, haina mizizi. Nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo, na nilipoamka na woga wa kitu kingine nilijiambia: pini, dada, ni pini tu.

Nyumbani tunaishi watatu katika nyumba aliyotuachia mama. Mimi, kaka yangu mkubwa ambaye ni mpaka rangi, na binti yangu wa miaka minne. Binti amerithi jina la mama, kwa hiyo tunamwita Bibi, na naye amejitwika ubibi wenyewe, anatupangia hata pa kukaa. Kaka ni mtani wa kuzaliwa. Alipoona natafuna tonge moja mpaka sahani yake inaisha, alisema nakula kama mtu anayesahihisha mtihani. Alipoona nameza kila tonge kwa maji, aliuliza kama tumbo langu ni bustani. Nilicheka naye. Mama naye tulimcheka hivyohivyo, na nafikiri sote wawili tulikumbuka, kwa sababu kicheko hakikudumu.

Nikajikaza kisabuni. Nikawa nasema nimekula kazini, kazini nikisema nitakula nyumbani. Nilikuwa napunguza magauni yangu mwenyewe kiunoni kwa siri, wateja wakinisifu kwamba nimependeza. Nilipokuwa peke yangu nilikunywa uji wa Bibi uliobaki, nimesimama jikoni, nimeupa mlango mgongo.

Aliyenivunja ni Bibi. Jioni moja nilimwandalia viazi vilivyopondwa, nikawa naanua nguo nje karibu na dirisha. Nikamwona ameweka kijiko mdomoni, ametafuna, ametafuna, kisha akameza, akanywa maji kidogo, akaweka kiganja kifuani, akafumba macho. Alikaa hivyo bila kutikisika. Halafu akafumbua macho, akachukua kijiko kingine, akaanza upya. Niliingia ndani na nguo mabegani nikamuuliza anafanya nini.

"Nangoja kishuke," akasema. "Kisiposhuka, mtu anakufa?"

Sijui aliipata wapi hiyo ya mwisho. Sikumwambia mimi. Pengine aliisoma usoni mwangu kila siku mezani, maana watoto hawahitaji kuambiwa. Nilimkumbatia nikamwambia hapana, hafi mtu, kula mwanangu, na sauti yangu mwenyewe haikunishawishi. Asubuhi yake nilikwenda hospitali.

Nilimweleza daktari wa kwanza habari ya pini kwa ufasaha wote. Nilimwonyesha hata namna zinavyokaa mdomoni. Alikuwa mzee mpole, akaniandikia picha ya eksirei, na mama mwenye duka akafunga duka akaja kukaa nami kwenye benchi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya msiba. Picha ikaja. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akaichungulia juu na chini, akatabasamu.

"Hakuna pini," akasema. "Kifua chako ni safi kabisa."

Mama mwenye duka alimshukuru Mungu kwa sauti, akanikumbatia. Akampigia simu jamaa wa overloki, nikamsikia akishangilia upande wa pili. Wote walifurahi. Mimi nikakaa tena kwenye benchi, nikalia kilio ambacho hawakukielewa. Walidhani ni furaha. Nilitaka iwe pini. Niliitaka pini ile kuliko kitu chochote duniani, na sasa imeondolewa, na nyuma yake kimebaki kile kimoja tu ambacho nilikuwa nimekificha kwa pini hiyo.

Daktari mzee hakuwa mjinga. Alimwomba mama mwenye duka atupishe, akaniuliza ninachoogopa hasa. Nikampasulia: mama, kijiko, uvimbe. Hakuniambia niache kuwaza. Alisema picha ile huonyesha chuma na mifupa, lakini njia ya chakula lazima ichunguliwe kwa ndani, kwa mpira mwembamba wenye kamera, na akanipangia siku.

Siku hizo za kungoja sitaki kuzirefusha. Nilishona. Nilikosea kukata mkono wa koti la watu. Nilimtazama Bibi akilala nikajiuliza nani atamsuka nywele, maana kaka hajui hata kushika chanuo. Nilianza kumfundisha kuvaa viatu mwenyewe kwa haraka isiyo na maana, mpaka akachoka akalia, nami nikalia naye.

Kaka ndiye aliyenisindikiza. Nilipomweleza yote alisema ningemwambia mapema angenipaka rangi kwa ndani. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu. Lakini njiani hakutania tena, na kwenye benchi alikaa akisugua rangi iliyokauka kwenye kucha zake, zote moja moja, mpaka wakaniita.

Walinipulizia dawa kooni ikatia ganzi ulimi na koo, wakanichoma sindano ya kunilegeza, wakaniwekea kibao mdomoni nisiume mpira. Nesi alinishika bega. Nakumbuka nilikuwa nasikia kila kitu kwa mbali, na niliposikia daktari, safari hii mwanamke kijana, akisema "hapa pamebana," nilifikiri hivi ndivyo walivyosema kwa mama. Nikatamani kumshika mtu mkono. Nesi akasogeza wake bila kuombwa.

Baadaye walinikalisha kwenye kiti mbele ya meza ya daktari, kaka amesimama nyuma yangu. Daktari alizungumza polepole kwa sababu yangu. Hakuona uvimbe. Alirudia: hakuona uvimbe. Asidi ya tumboni imekuwa ikipanda kwa miaka na kuunguza njia ya chakula, pakawa vidonda, vidonda vikapona na makovu, na makovu yamepabana. Amepatanua, na huenda ikabidi arudie. Amechukua vinyama vidogo vya kupima, kwa hiyo nisisherehekee bado, ila alichokiona kwa macho hakikumtisha. Nilimuuliza, kwa ulimi mzito usio wangu, kama mama naye alianza hivi. Akasema yeye hawezi kumsemea mama bila kumwona. Lakini kiungulia cha miaka, akasema, hakuna mtu anayepaswa kukizoea, na mwenye mzazi aliyeugua vile ndiye wa kwanza kuja.

Kisha akachukua kalamu, akauliza huwa nalala vipi.

Ulimi ulikuwa bado umelala, nikachelewa kujibu.

"Mito mitatu," kaka akasema nyuma yangu. "Ukiteleza kidogo tu chini, unaamka koo linawaka. Mara nyingine unalala umekaa."

Daktari akaandika. Mimi nalalia mto mmoja. Sijawahi kulalia zaidi ya mmoja, na Bibi huninyang'anya hata huo. Niligeuka nikamtazama kaka, na yeye alikuwa anatazama ukuta ulio juu ya kichwa cha daktari, uso umemkauka.

"Tangu lini?" daktari akauliza, bado akiniuliza mimi.

"Tangu mama anaumwa," kaka akasema.

Daktari akaacha kuandika. Nikashika meza, nikasimama, nikampisha kaka kile kiti.