Dakika Mbili za Kila Asubuhi

Baba yangu, mzee Kamaldine, alikuwa karani wa shule ya sekondari hapa Wamaza kwa miaka thelathini na mmoja, na hata leo anakusalimia kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya waliofaulu. Ni mtu wa utaratibu mpaka anachosha. Kanzu zake zinakunjwa kwa mkunjo mmoja tu, na viatu vyake vinalala vikitazama mlango. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba yeye aliolewa na kalenda.

Alipostaafu, shule ilimpa kompyuta yake kuukuu ya mezani, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba. Akaiweka sebuleni, akaifungia paneli mbili za jua na betri ya gari. Humo anachapa barua za watu, maombi ya kazi na matangazo ya harusi. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Mwadhini wetu wa zamani alipofariki, msikiti ulimwomba baba ashike nafasi yake, naye akasema hawezi kuadhini kwa kukisia. Zuberi, anayeleta bidhaa kwa pikipiki, akamletea kutoka mjini Kasongo programu yenye nyakati za sala za mwaka mzima. Kompyuta inalia kengele, baba anasimama, anashika maikrofoni, na waya unapeleka sauti yake mpaka kwenye spika ya msikiti, hatua arobaini kutoka kwetu.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiopajua hapa. Mtandao wa simu tunaukuta kilimani tu, na siku nyingine hata huko haupo. Simu ikizimika ikawashwa, inasema saa inayotaka yenyewe. Simu kumi, saa kumi tofauti. Kwa hiyo watu wa Wamaza walikuwa wanarekebisha simu zao kwa adhana ya baba, hata majirani zetu Wakristo. Mama Consolée anayeuza maandazi alikuwa akisema saa ya kweli iko kwa mzee Kamaldine, nyingine zote ni za kupitisha siku.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, sawa na kifungo cha koti, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Hiyo betri ilikuwa imechoka. Kila usiku saa ilipoteza dakika mbili. Baba alilipima jambo hilo kwa mwezi mzima, akisikiliza saa ya redio na kuandika daftarini, na hesabu haikubadilika: mbili, mbili, mbili. Basi kila alfajiri, kabla ya kengele, aliwasha mashine, akafuta mkono kwenye kanzu, akaongeza dakika mbili. Mimi nilimwambia mara ngapi sijui tununue betri mpya.

"Aicha, usiguse masini yangu," alisema. "Pili, hizi betri za sokoni, zote ni za uongo. Mimi na hii masini tunaelewana."

"Lakini iko mugonjwa, Papa."

"Hata mimi niko mugonjwa wa goti, na bado ninatembea."

Huyo ndiye baba. Na mimi ni huyu: mtoto wake wa nne, niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, mwenye kibanda cha sabuni na chumvi, na mwenye kasoro moja kubwa. Siwezi kupita mbele ya kitu kibovu bila kukishika.

Juma moja kabla ya Ramadhani, radi iliunguza redio ya baba. Alisema atatafuta nyingine baada ya Idi. Siku ya tano ya mfungo nilikwenda Kasongo kuchukua bidhaa, na huko fundi Serge akaniuzia ile betri ndogo. Akanionyesha kwenye mashine mbovu jinsi ya kuitoa kwa ukucha na kuiweka mpya, maandishi yakitazama juu. Nikarudi siku ya saba nimekaa nyuma ya pikipiki ya Zuberi, matope mpaka kiunoni, betri nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Baba alikuwa ameshaadhini alasiri na kwenda msikitini. Nikafungua mashine, nikatoa betri ya zamani, nikaweka mpya. Saa nikaiweka kwa simu yangu, iliyokuwa imeshika mtandao Kasongo asubuhi ileile. Nikafunga, nikafuta vumbi. Nilifurahi kuliko siku nyingi.

Sikumwambia kwa sababu alinikataza. Nilitaka aone mwenyewe. Alfajiri ya siku ya nane nilisimama kwenye mlango wa jiko na bakuli la daku mkononi, nikisubiri ashangae. Baba akawasha mashine. Akafuta mkono kwenye kanzu. Akaongeza dakika mbili.

Hakuangalia chochote. Angeangalia nini? Redio haikuwepo, na mkono wake ulikuwa umeshazoea kazi hiyo kwa miaka miwili. Nilifungua kinywa niseme, naye akageuka kuniuliza nani amesogeza kiti chake. Nikafunga kinywa. Nikajiambia, kesho. Kesho yake kulikuwa na wateja, na uji wa kufuturu, na kuni zilizolowa. Siku ya tatu nikaanza kujiambia kwamba baba lazima ameshagundua, ameacha kuongeza, na anaona haya kunipa ushindi. Sikwenda kuhakikisha. Niliupenda huo uongo, nikalala nao vizuri.

Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Siku nzima mbingu ilikuwa kijivu, na jioni iliingia bila mtu kuona jua likizama. Tulifuturu kwa sauti ya baba na hatukuwa na sababu ya kutazama juu.

Siku ya kumi na sita tulikuwa uani na majirani, kama ilivyo desturi yetu, kila nyumba imeleta chake. Kengele ikalia ndani, baba akaadhini. Bi Fatuma, mjane wa nyumba ya pili, akanywa maji. Mimi nilikuwa na kipande cha ndizi mdomoni. Na hapo hapo mawingu ya upande wa magharibi yakafunguka, na jua likatoka. Zima, jekundu, vidole viwili juu ya kilima.

"Jua ile kule!" Bi Fatuma alipiga kelele. "Kamaldine! Jua iko pale!"

Watu wote waligeuka. Wengine walitema. Mwanamke mmoja alianza kulia na kikombe mkononi. Zuberi, aliyekuwa amefika kutoka Kasongo saa ileile, akatazama saa yake ya mkono, akasema kwa sauti ndogo kwamba zimezidi dakika kumi na nane. Mbili mara tisa. Nilipiga hesabu hiyo kabla sijameza ndizi.

Baba alitoka na maikrofoni mkononi, waya ukimvuta nyuma. Alilitazama lile jua kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona mtu akitazama kitu namna ile.

Baada ya sala, imamu Amuri alimkalisha mbele ya watu, kwa heshima, maana wamekua pamoja. Sisi wanawake tulisikia kutoka nyuma ya pazia.

"Munisamehe," baba alisema. "Kila asubuhi ninaongeza dakika mbili. Nazani nilikuwa ninaongeza, ninasahau, ninaongeza tena. Kichwa yangu imeanza kwenda. Haiko kosa ya masini. Ni mimi."

"Ilianza siku gani, ndugu yangu?"

"Sijue."

 Imamu akasema kwamba kama siku haijulikani, basi kila mtu atafunga upya siku zote kumi na sita baada ya Idi, ili roho zitulie. Nyumba arobaini. Wazee, wajane, wanawake wenye kunyonyesha, watu wanaolima kutwa kwenye tope.

Nilikuwa nyuma ya pazia, mita tatu tu. Nilijua siku. Nilijua saa. Ningesema neno moja, na hizo kumi na sita zingekuwa tisa, na kichwa cha baba kingekuwa kizima. Sikusema. Bi Fatuma alikuwa ameshika bega langu akininong'oneza pole, pole mwanangu, hivyo ndivyo ilivyoanza kwa babu yako. Niliona aibu, na aibu ile ikawa na nguvu kuliko mimi. Sina namna nyingine nzuri zaidi ya kulieleza jambo hili.

Tangu siku ile baba hakuigusa tena kompyuta. Aliifunika shuka. Maikrofoni akampa Zuberi, aliyeadhini kwa saa ya mkono na kwa kutazama mbingu, kwa haya nyingi. Halafu baba akaanza kujichunguza. Alihesabu vijiko baada ya kula. Hakwenda sokoni bila mtu wa kumsindikiza, yeye aliyekuwa akitembea kwa miguu mpaka Lusangi. Asubuhi nilimsikia chumbani akitaja majina ya ndugu zake mmoja mmoja, marehemu na walio hai, kisha anarudia kwa kuanzia mwisho. Alipokwama kwenye jina alikaa kimya, na mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa nalitamka moyoni ili alipate. Mtu yeyote wa miaka sabini na moja anakwama kwenye jina. Yeye alichukua kila kukwama kuwa ushahidi.

Kila siku nilisema nitamwambia. Na kila siku iliyopita ilifanya maneno kuwa mazito zaidi, maana sasa haikuwa tena betri tu. Ilikuwa betri na ukimya wa siku tano, kisha wa siku kumi. Idi ikaja. Baba alivaa kanzu mpya, akakaa pembeni. Watu walimsalimia kwa sauti ya juu na ya polepole, namna wanavyomsalimia kiziwi.

Siku ya nane baada ya Idi aliniita sebuleni, mchana, baada ya adhuhuri. Alikuwa ameweka mezani karatasi ya kiwanja, funguo, na sanda yake aliyoinunua mwenyewe. Akanionyesha kimoja kimoja. Nikasema, Papa, acha hayo. Akaendelea. Alipomaliza akakaa na mikono magotini.

"Iko neno moja tena," alisema. "Babu yako, wakati alianza kupotea, alikuwa anatoka, anaenda kutafuta nyumba yenye ilianguka zamani. Siku moja tulimukuta mutoni. Basi mi nilimufunga. Kamba, kwa muguu, kwenye kitanda. Kila nikienda shuleni, ninamufunga. Alikuwa ananiuliza, 'Nimekosa nini, Kamaldine?' Jina yangu hakusahau. Miaka mbili." Akaikunja sanda upya. "Aicha, wakati yangu ikifika, usinifunge kamba. Funga mulango, sawa. Lakini kamba, hapana. Uniapie."

Nilikaa chini pale pale.  Nikamwambia yote: Serge, betri, ukucha, pindo la kitenge, siku ya saba alasiri. Nikamwambia kwamba mashine ilikuwa imepona, na yeye aliendelea kuiongezea kwa sababu hakuna aliyemwambia. Nikamwambia kichwa chake ni kizima, ni mimi niliyenyamaza.

Nilitegemea anipige, ingawa hajawahi kunipiga. Au alie. Baba alichukua kalamu.

"Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi ya saba ilikuwa sawa. Nane mpaka kumi na sita." Akahesabu kwa vidole, akaandika tisa, akapigia mstari. "Watu wanapashwa kufunga tisa. Kuna wenye wamekwisha kufunga sita. Leo imamu atawaambia."

Akasimama, akachukua kofia. Nikamwuliza nimsindikize, maana ndivyo tulivyofanya kila siku. Akasema hapana, kesho nitakwenda mwenyewe kwa imamu na kwa kila nyumba, nyumba zote arobaini, lakini leo nimwache aende peke yake na arudi peke yake. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma orodha. Nikafikiri yamekwisha, Mungu anisamehe, nikaanza hata kujifuta uso.

Mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Mi nilikuwa ninajiaga, Aicha. Wiki tatu. Ulikuwa unaniona?"

Ningeweza kusema sikuona. Hata yeye, nadhani, angependa nidanganye.

"Nilikuwa ninakuona, Papa."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili. Akavaa viatu, akatoka.