Ngozi ya Ziwa la Magadi

Nilipokuwa mtoto huku Serengeti, ziwa letu dogo la magadi lilikuwa na ngozi, na ole wake aliyeichana. Ndivyo alivyotufundisha Bibi, mama yake baba, na mpaka leo nikiyakumbuka mafundisho yale damu inanichemka.

Ngozi yenyewe ilikuwa utando uliofunika tope la ukingoni, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa, ila mnene na mgumu zaidi. Tulipokwenda kuokota magadi ya mboga na ya mifugo tulikanyaga mawe tu. "Anayechana ngozi ya ziwa," Bibi alikuwa akisema, "anauhamisha ukoo mzima."

Siku moja mbuzi wake aliruka mawe akaingia kwenye utando. Dada yangu Bhoke, msichana wa kama miaka kumi, akamfuata, maana angemwacha azame angechapwa. Mguu ukatumbukia hadi gotini. Alipouvuta ulitoka na kipande cha ngozi: juu kijani, chini yake waridi kama ufizi, na chini kabisa tope jeusi linalonuka yai viza. Mbuzi alipona. Bibi alipouona ule mguu alikaa chini, akashika kichwa.

Kabla hatujavuna mtama, malori ya operesheni ya serikali ya kuhamisha watu yakaja kutupeleka kijiji cha ujamaa. Wanamgambo waliziezua nyumba zetu tukitazama. Kijana mwenye bunduki alimwamuru Bibi apande lori, naye akapanda bila kumjibu neno. Maneno yote aliyaweka kwa ajili ya Bhoke.

"Huyu ndiye aliyetuhamisha," aliwaambia majirani wapya, nao wakaamini. Mwaka ule walihamishwa hata watu ambao hawajawahi kuliona ziwa letu. Wote hao walihamishwa na mguu wa mtoto? Hakuna mtu mzima aliyeuliza. Wakakata shauri kwamba Bhoke asiwe kamwe wa kwanza kutia mbegu shambani, isije ardhi nayo ikatukataa. Alipokua, washenga walikuja, wakazisikia habari, wakarudi kwao. Mwishowe akaolewa na mzee mmoja mgane kule Itiryo.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba ile ngozi ni bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, walioshikamana tabaka kwa tabaka. Wa juu wanaishi kwa jua, wa chini kwa kile wanachoachiwa. Ukiichana, inaota tena. Nilirudi ziwani kuhakikisha, nikaukuta utando mzima kabisa pale pale alipozama dada yangu. Nikaokota jiwe nikautupia kwa hasira.

Bibi nilimpenda, lakini sijamsamehe. Alijua fika nani aliyeezua nyumba yake. Ila mwenye bunduki hakemewi, mtoto anakemewa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Bhoke walimnyonga, haki wakaisahau.

Mvua za juzi nilimkuta Bhoke kwake Itiryo, sasa ni bibi mwenye wajukuu, nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ziwa lilishapona," akasema.

"Zamani sana, dada."

Akabeba kikapu cha mbegu, tukaenda shambani. Pale akamkabidhi mkwewe kikapu atangulie kupanda, yeye akasimama pembeni kusubiri. Nilitamani Bibi afufuke, aje amwambie kwa kinywa chake mwenyewe: panda, mwanangu.