Njia ya Mfereji na Mguu Wangu wa Kushoto

Aliyenivunja mguu alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa viatu vyeusi vya kanisani. Navitaja viatu kwa sababu nikiwa chini ndivyo nilivyoviona muda wote. Lakini habari yenyewe ilianzia mbali, kwenye njia za milimani za kisiwa ambacho mpaka leo sijakikanyaga.

Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Morningside, mtaa wa Durban, mwaka wa sita huo: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia supu na kugombana naye. Alizaliwa kwenye kisiwa cha Wareno katikati ya Atlantiki, akaletwa Durban akiwa bibi harusi. Siku moja alinionyesha picha ya kwao. Watu sita wamefuatana kwa mstari, mabegi mgongoni, kwenye kijia chembamba kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja mfereji wa maji, upande wa pili hakuna kitu, ni hewa tupu hadi kwenye mawingu chini yao.

"Nani anawakimbiza?" nilimuuliza.

Sikuwa natania. Mimi ni mtu wa Kivu. Kwetu ukiona watu wamefuatana hivyo mlimani na mizigo, ujue nyuma yao kuna nyumba zinaungua. Nilipita hivyo mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, na wawili kati yetu walipigwa risasi wakiwa wameinama kunywa maji. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema hakuna anayewakimbiza, wamelipa nauli ya ndege ili watembee pale na kutazama mandhari. Nikamwambia basi nyinyi mna shida ya kukosa shida.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa mifereji. Kazi yake ilikuwa kutembea kila siku akitoa majani na mawe yaliyoziba maji, na kijia kile kilichongwa kwa ajili ya miguu yake, siyo ya watalii. Kinapita msitu wa miti mizee yenye kuvu, kinaingia kwenye mashimo mawili yaliyotobolewa mlimani, giza hilo huwezi kuona mkono wako, kisha kinatokea kwenye maporomoko ya maji. Saa tatu za mwendo. Bibi alikuwa na miaka themanini na moja na alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: kukipita tena. Watoto wake waliona ni upuuzi. Daktari alisema sawa, mradi awe na mtu wa kumshika. Mtu wa kumshika nilikuwa mimi.

Basi tukaanza mazoezi. Kila asubuhi tulipanda miteremko ya Morningside, yeye na fimbo zake mbili, mimi nyuma nikimtukana kwa upole na yeye akinitukana kwa Kireno. Mwenda pole hajikwai, nilimwambia, akajibu kwamba mwenda pole hafiki. Na mimi, mjinga wa watu, nikaanza kuitaka ile njia. Niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume. Nilitaka kupanda mlima, nichoke, nikae juu ya jiwe, nimenye yai langu nile, na nisitazame nyuma.

Kitabu changu cha safari cha mkimbizi kilitoka baada ya kusumbuliwa sana, na viza ikabandikwa ndani. Bibi akafungua droo yake akasema kiache humu, safari bado wiki saba. Nilikataa. Nilikifunga kwenye kipande cha kitenge, nikakifunga tumboni chini ya blauzi, kama tulivyofanya kwetu, kwa sababu karatasi ulizoziacha ndani ya nyumba huungua na nyumba.

Dada mmoja Mkongomani mwenzangu tuliyepanga naye chumba mtaa wa Cato Manor, msusi wa nywele, alinionya kuhusu kitabu kile, maana wiki ile wenyeji walikuwa wameanza kuwapiga wageni barabarani.

"Ile titre de voyage uiache kwa ule maman. Eish, huku njia iko mubaya hii semaine. Banatafuta bageni."

"Document ya mutu inakalaka ku mwili yake," nilimjibu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa nashtukia nyoka wa nchi nyingine.

Alhamisi, saa tisa mchana, nilikuwa narudi kwa miguu ili nikaze misuli. Kwenye roboti, taa za barabarani, chini ya mteremko kundi la wenyeji lilikuwa limechoma matairi na linasimamisha wapita njia kusaka wageni. Kizulu changu ni kizuri. Niliwasalimia vizuri, nikalalamikia joto, wakaniachia. Nilikuwa nimeshapita. Hatua tano, sita. Kisha mkono wangu, wenyewe, ukaenda tumboni kuhakikisha kitabu kipo, kama ulivyozoea kwenye kila kizuizi tangu Bukavu.

Mwanamke wa viatu vyeusi aliuona mkono. Alidhani ni pesa. Alinipandisha blauzi mbele ya wanaume, akakata kitenge, kitabu kikaanguka kimefunguka kwenye picha yangu. Wakapiga kelele.

Hapo ningekimbia. Miguu ya kukimbia nilikuwa nayo, na hawakuwa wamenizingira bado. Nikamrukia. Nilimuuma kifundo cha mkono mpaka nikaonja damu yake. Mwanamume mmoja alinipiga rungu begani, nikaokota jiwe nikampiga nalo mdomoni, akatema jino. Silijutii jino lile. Matofali waliyorusha yakanishusha. Nililala juu ya kitabu, nikakikamata kwa mikono miwili, wakanipiga mateke ya mbavu na ya kichwa. Yule mwanamke aliponda vidole vyangu kwa kisigino, sikuachia. Akahamia mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu niliusikia mfupa kabla sijahisi maumivu, na mikono ikaachia yenyewe.

Kitabu kilitupwa kwenye tairi. Jalada lilijikunja polepole.

Wangeniua. Aliyewazuia ni mama wa Kizulu anayekaanga amagwinya, maandazi ya kwao, pale kando. Alikuja na karai lake la mafuta yanayochemka, akaapa kwamba atakayenigusa atamkaanga uso. Walimwamini. Mimi pia nilimwamini.

Bibi alikuja hospitali siku ya tatu. Aliutazama mguu uliofungwa plasta, akautazama uso wangu, akakaa.

"Mwakani sitakuwepo," alisema. "Nitafutie mtu mwingine."

Nilimrushia kikombe. Kilipasuka ukutani karibu na sikio lake, chai ikamtiririka shingoni. Nilimchukia siku ile kuliko yule mwanamke wa viatu, kwa kuwa yule hakunijua. Bibi hakukwepa wala hakujipangusa. Akasema, "Una haki. Lakini bado nahitaji mtu."

Nilikaa wiki nzima bila kupokea simu zake. Kisha nikamtafutia. Binti mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, mwanafunzi wa chuo, ana pasipoti kamili na heshima zake. Nilimfundisha dawa zote na saa zake. Sikumfundisha mengine, kama pa kusimama ukimshika mlimani; nililia tu alipoondoka.

Picha ilinifikia nikiwa kitandani, mguu juu ya mto. Bibi amesimama kwenye kijia cha baba yake, mahali palipopanuka kidogo, maji meupe yanaanguka nyuma yake. Uso wake sijawahi kuuona hivyo. Yule binti yuko upande wa ukuta, mgongo kwenye jiwe, amemshika kiwiko, wanacheka wote wawili. Upande wa genge hakuna mtu.

Nilitaka niitupe simu. Vidole vilivyopondwa vikamwandikia bibi haraka, bila salamu: "Mama, mwambie huyo binti atoke ukutani asimame upande wa genge, awe katikati yako na genge. Sasa hivi."