Rivolva Iliyong'arishwa kwa Ajili ya Mgeni

Jumanne asubuhi, nikiwa bado natafuta miwani yangu, binti wa rafiki yangu fundi alinipigia simu kutoka Kibomet, mtaa wa pembeni mwa Kitale. "Mzee ametuacha," alisema, kisha akaongeza, "Tunamzika Alhamisi. Hapa hapa Kitale." Msomaji asiyetoka pande zetu ataona hiyo ni habari moja ya msiba. Kwangu zilikuwa mbili, na ya pili ndiyo iliyonirudisha kitandani nikakaa. Marehemu alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba akifa anataka kulala Myanga, kule Bungoma, kando ya kaburi la mama yake. Makaburi ya umma ya Kitale aliyaogopa kuliko alivyoogopa kifo. Sasa anapelekwa huko huko, nami nina mkono katika safari hiyo.

Wanaofuata safu hii kwa muda wanaweza kumkumbuka, ingawa sikumtaja jina wakati ule na sitamtaja leo. Ni yule fundi niliyemwandika nilipokuwa nikieleza kazi zinazokufa mjini kwetu. Ujanani alitengeneza bunduki za wakulima katika duka moja la Kitale. Wakulima wakazeeka, mashamba yakakatwa vipande, duka likafungwa, naye akahamishia vyombo vyake kwenye kibanda cha mabati Kibomet, akawa mtu wa kufuli, cherehani na pampu za kunyunyizia dawa. Tulijuana kwa sababu ya kufuli. Nilimpelekea sanduku la bati la marehemu baba, ufunguo umepotea, nikamwomba aikate kufuli kwa msumeno nikimbilie shughuli zangu. Akanitazama juu ya miwani. "Kukata ni dakika mbili, mwandishi. Lakini hii kufuli imekukosea nini?" Nilikaa mchana kutwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, yeye akichokonoa polepole huku akinipigia hadithi, mpaka ikafunguka bila mkwaruzo. Wiki iliyofuata nilirudi bila kufuli yoyote.

Siku moja alinifungulia sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti sakafuni, akanionyesha rivolva. Mwenye duka alimwachia alipokuwa akifunga biashara, wakaenda pamoja kuandikisha kwa jina lake, na hicho ndicho kilichokuwa kiinua mgongo chake baada ya miaka yote ile. Kila mwaka alivaa koti na kwenda kuhuisha kibali. Hakuwahi kuipiga hata mara moja. Ilikuwa bastola ya zamani ya risasi sita, kitako cha mbao, chuma chenye rangi ya buluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi, isipokuwa mdomoni mwa mtutu, ambapo ilikuwa imefifia kwa kuingia na kutoka katika mfuko wa ngozi kiunoni mwa mtu fulani kabla hatujazaliwa. Aliniambia hiyo, akiiuza, ndiyo itakayomrudisha Myanga. Sehemu yake ya shamba kule aliiuza zamani ili kumtibu mkewe, na mke hakupona. Jirani aliyeinunua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tayari kumrudishia kipande kando ya kaburi la mama, kwa bei ya sasa, mradi asimcheleweshe mpaka msimu wa kupanda miwa. Mimi, ambaye wazazi wangu walihamia huku Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati, na ambaye baba yangu amelala nyuma ya nyumba yetu chini ya mparachichi bila mtu kulalamika, nilimwuliza kwani udongo wa Kitale una ubaya gani. Alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi mnazikwa mahali titledeed ya shamba iko," alisema. "Sisi tunazikwa mahali mama iko."

Baada ya safu ile kuchapishwa, mkusanyaji mmoja wa silaha za kale, mwenye vibali vyake vyote, alinitafuta. Nikamtumia picha za rivolva. Alipiga simu siku hiyo hiyo, akasema nimempata wakati mzuri, kwa sababu kiwanda cha ng'ambo kilichoitengeneza, baada ya kuiacha miaka mingi, kimeanza kuitoa upya, umbo lile lile, hata mbao ya kitako ile ile. Nilishtuka. Nikamwuliza kama hiyo haitaua bei ya ile ya mzee. "Inategemea ya kale yenyewe iko vipi," alinieleza kwa subira. "Anayetaka ya kupigia shabaha sasa atanunua mpya, kwa hivyo zile zilizochezewachezewa zinaanguka. Lakini hii mpya imewaamsha watu waliokuwa wameisahau. Wanataka ile ya kwanza, na rangi yake ya kwanza. Hiyo ya mzee wako, pale mdomoni ilipofifia, hapo ndipo panaponivutia. Nakuja Jumamosi."

Nilikwenda Kibomet mvua ikinyesha, nina makala ya kumaliza kabla ya jioni. Nikamwambia fundi: bei imepanda, mgeni anakuja Jumamosi. Ili afurahi zaidi, nikamwonyesha kwenye simu picha ya ile mpya iliyotoka kiwandani, aone kwamba bunduki yake bado inakumbukwa duniani. Aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda. "Imeng'aa, bana," alisema. Nikacheka, nikarudisha simu mfukoni, nikaondoka. Yale mengine aliyosema mkusanyaji, kuhusu rangi ya kwanza na mdomo uliofifia, sikuyasema. Sikuyaficha. Niliyaona marefu tu, na mvua ilikuwa inazidi. Mtu ninayekula kwa kupeleka habari nilimpelekea rafiki yangu nusu ya habari.

Jumamosi nilifika mapema. Uwanja ulikuwa umefagiwa na kunyunyiziwa maji, binti yake alikuwa jikoni na kuku amekwisha chinjwa, na mezani kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa kulikuwa na bastola ambayo sikuitambua. Tangu nilipoondoka hakuwa amefanya kazi nyingine yoyote. Alikuwa ameifungua yote, akapiga msasa alama za kutu, akaiondoa ile rangi ya zamani na kuiweka mpya kwa mkono wake, jinsi alivyofundishwa dukani ujanani, kisha akaipaka mbao vanishi. Kazi ilikuwa nzuri kupita maelezo. Ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. "Mgeni hawezi kuonyeshwa kitu chafu," aliniambia. "Ati ile mpya inang'aa namna ile, na hii ni mama yake, ikae na kutu?" Nikakumbuka maneno ya mkusanyaji kuhusu rangi ya kwanza. Lakini alikuwa amesimama pale amevaa shati lake la kanisani, mikono imechafuka kwa kazi ya siku nne, akisubiri nimwambie kitu. Nikamwambia, "Mzee, imekuwa kama mpya." Akatabasamu, akaenda kunawa.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na kwa msemo huo tumeua kuku wengi. Mkusanyaji alikuja, akala, akamsifu binti kwa upishi. Kisha akatoa leso, akaishika rivolva kwa leso hiyo, akaigeuza, akatafuta mhuri wa kiwanda kwa kioo cha kukuzia. Msasa ulikuwa umeufikisha mahali pa kusomeka kwa kubahatisha. Akakirudisha kioo mfukoni. "Imekuwa kama mpya," alisema mwishowe, maneno yale yale yangu. "Kazi yako ni safi, mzee. Lakini mpya naweza kuagiza dukani."

Fundi hakuelewa. "Si ni ile ile? Namba ni ile."

"Ni ile ile."

"Na risasi inaingia vile inaingianga."

"Inaingia."

"Sasa nini imetoka?"

Yule bwana alinitazama mimi, kama mtu anayeomba msaada, nami nikatazama kitambaa. "Rangi, mzee," alisema kwa upole.

"Rangi nimeweka," fundi alijibu.

Mgeni alitaja bei ambayo isingenunua hata kona ya kipande kile cha Myanga, fundi akatikisa kichwa kwa heshima, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akampa na mahindi mabichi ya kwenda kuchoma kwake. Msimu wa kupanda ulipofika, jirani wa Myanga alipanda miwa yake mpaka kwenye ukingo wa kaburi. Simlaumu, alikuwa amesubiri vya kutosha. Na mtu akizikwa katika shamba lako, kesho utasikia watoto wake wanadai. Mwaka jana afya ya fundi ilipoanza kwenda, aliamua kuirudisha silaha kwa serikali kabla hajashindwa kuilinda. Nilimsindikiza kituoni. Askari wa zamu aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama imenunuliwa juzi. Tulipotoka, karibu na lango, fundi alisimama kupumzika. Akaniuliza bila hasira, "Ile maneno ya rangi, wewe ulijua?" Nikasema sikujua. Akaitikia, "Basi ni bahati yangu," tukaendelea kutembea.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima nikitafuta wa kumlaumu. Kiwanda cha ng'ambo hakikumjua fundi wa Kibomet. Kilitoa bidhaa yake kama kila kiwanda kinavyotoa. Mkusanyaji alisema ukweli mapema, na alinieleza mimi. Na sisi sote huku hatujafunzwa kwamba uchakavu unaweza kuwa na thamani. Mzazi akija mjini kumtembelea mwanawe, kwanza anavuliwa koti lake la zamani na kununuliwa jipya. Kanisa likipata mfadhili, mabenchi yaliyolainishwa na babu zetu yanakuwa kuni na viti vya plastiki vinaingia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi tunakipenda kidonda hicho kwa moyo wote, kwa sababu mtu aliyeishi na kutu maisha yake yote haoni kwa nini mgeni aipende. Wenye kujua tofauti ni wachache, wanaongea wao kwa wao kwenye simu, na kinachovuka kutoka kwao mpaka kwetu ni kile tu ambacho mtu kama mimi amepata nafasi ya kukibeba.

Alhamisi tulimzika. Makaburi ya umma yana namba kwenye vibao vya mbao, na kaburi la upande wake wa kulia lilikuwa la mtu ambaye hakuna aliyejua habari zake. Binti alinipa kijitabu cha ibada. Picha ya mbele niliitazama mara mbili. Studio ya mjini ilikuwa imemwondolea makunyanzi, ikalifuta kovu la kuungua lililokuwa kidevuni tangu siku zake za dukani, ikamvika na tai ambayo hakuwahi kuwa nayo. "Nilitaka akae poa siku yake ya mwisho," binti alisema, macho yamevimba. "Si amependeza?" Nikasema amependeza. Ningesema nini, na vijitabu vyote vilikuwa vimekwisha gawanywa?

Kwenye simu yangu bado ninayo picha moja ya zile nilizomtumia mkusanyaji, kabla ya msasa. Fundi ameishika rivolva kiganjani, mdomo wa mtutu umefifia, naye kidevu chake kina kovu. Nitampelekea binti atakapokuwa tayari, na safari hii nitampelekea pamoja na maneno yote. Ninalowaachia wasomaji wangu ni hili tu: anayebeba habari aibebe yote, hata kama ni ndefu, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu mwenzake atafanya kazi usiku na mchana juu ya ile nusu aliyopewa. Nawe mzee, pale kwenye lango la kituo uliniuliza kama nilijua. Nilijua.