Hina Juu ya Malengelenge

Wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlima kuja Newala, chama cha ushirika hakikuwa tena mlango pekee wa korosho zetu. Mmoja wao alifungua banda la kubangulia korosho, kuzitoa maganda, kwenye barabara ya kwenda Tandahimba, na habari zikazagaa kwamba Jumatatu msimamizi wake, mama mmoja kutoka Mtwara, angechagua wanawake wa kazi. Cheti hakikutakiwa. Angetazama mikono tu.

Nilikuwa nimefeli darasa la saba, na kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Kwa kiherehere changu nikaanza kujifunza peke yangu wiki moja kabla. Nilipasua korosho mbichi bila kuzichoma kwanza, bila hata kujipaka majivu viganjani kama mama yangu alivyofanya siku zote. Mafuta ya ganda yakaniunguza. Kufika Jumapili viganja vilikuwa na madoa meusi, malengelenge yamepasuka, ngozi inabanduka.

Mama aliniona ninavyoshika kikombe kwa ncha za vidole.

"Watasema una ugonjwa wa ngozi," alisema. "Nani atakuruhusu ushike chakula cha watu?"

Hakugomba. Alichota maji kidogo mtungini, na maji Newala hayakuwa ya kuchezea, akakoroga hina akanipaka viganja vyote. Ilichoma mpaka machozi yakanitoka, lakini madoa yalipotea. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mama mjanja.

Jumatatu tulipanga foleni, mimi mbele, mama nyuma yangu. Zamu yangu ilipofika nilimsalimu msimamizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aligeuza mikono yangu mara moja tu. "Umewahi kubangua?"

"Nimebangua."

"Kwa mikono hii? Mbanguaji namjua kwa makovu, mwanangu. Kwa hina hii wewe bado mwali wa kuchezwa ngoma ya unyago. Kapumzike nyumbani."

Nilitaka kumwambia apapase, asitazame rangi, makovu yapo chini. Lakini angeuliza nani kayaficha, na aliyeyaficha alikuwa nyuma yangu akisubiri zamu yake. Nikatoka kwenye foleni.

Mama alinyoosha mikono yake iliyokakamaa, yenye mabaka meusi ya miaka yote. Msimamizi hakuuliza kitu. Alimwonyesha mlango wa banda.

Jioni mama alirudi ananuka moshi wa korosho. Alikaa kizingitini akanyoosha mikono, nikammiminia maji taratibu kwa kata. Yeye alitazama viganja vyangu vyekundu, mimi nikatazama vyake vyeusi. Hina ile haikutoka kwa wiki tatu, na wiki zote tatu nilimmiminia maji kila jioni, nikimwonea wivu mama yangu mzazi.