Sanduku la Maua Sebuleni kwa Mwashi

Maisha yake yote mwashi huyu aliwajengea watu masanduku ya maua ya matofali, yaliyoshikamana na kuta za nyumba. Alipostaafu akajijengea lake sebuleni, kwenye kona ya dirisha, likiegemea ukuta wa chumba cha kulala. Mkewe akapanda maua, wageni wakasifu, naye mwashi kichwa kikamvimba.

Mwezi haukuisha, ukuta wa chumbani ukaanza kutoka jasho. Rangi ikabanduka, mwashi akawa anaamka mto wake umelowa.

"Baba watoto," mkewe akauliza, "tundu la kutolea maji uliliweka wapi?"

Mwashi hakuwa ameweka tundu lolote. Kosa alilokuwa akiwafokea vibarua kila siku, amelifanya yeye, tena kwake! Akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake akachukua patasi na nyundo, akatoka nje, akatoboa ukuta wa kona ile hadi ndani ya sanduku. Maji ya matope yakamrukia usoni. Jirani aliyekuwa akipita akauliza, "Fundi gani huyo aliyekuharibia nyumba?"

"Huyo usije ukamwita," mwashi akajibu, akijipangusa macho. "Anajisifu kuliko anavyojenga."